Tanbihi Nayo Ina Isnadi

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliniletea sura ya tatu ya tasnifu yake. Anaandika kuhusu karatasi ambazo mawakala wa Ulaya waliwasainisha watawala wa Kiafrika katika karne ya 19, na swali lake linasemeka kwa pumzi moja: je, zile zilikuwa mikataba ya kimataifa au hazikuwa? Nilipofika ukurasa wa pili nikakuta jibu limeshatolewa, tena kwa sentensi moja tu: "Makubaliano na machifu hayakuwa mikataba kwa maana ya sheria ya kimataifa." Mwisho wa sentensi pana kijinamba. Chini ya ukurasa pana jina la kitabu cha kiada kilichochapwa Uingereza.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kitabu, Mwalimu. Na ukurasa nimeuweka."

"Na kitabu kimeitoa wapi?"

Akanyamaza kidogo, akafungua kompyuta yake, tukaanza kufuatilia. Kitabu kiliitoa kwenye hukumu ya 2002. Hukumu ya 2002 iliitoa kwenye uamuzi wa usuluhishi wa 1928. Uamuzi wa 1928 nao ulikuwa umesimama juu ya mazoea ya wanazuoni wa kizazi kilichotangulia. Tulikaa hadi mlinzi akaja kufunga milango, na katika mnyororo wote ule hatukukutana na hata chifu mmoja aliyeulizwa alielewa nini aliposaini.

Wenzangu waliokulia madrasa watanielewa haraka. Hadithi haipokelewi hivi hivi. Inakuja na isnadi yake, mnyororo wa wapokezi: fulani kasikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani. Wanazuoni wa hadithi walijenga elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi hao mmoja mmoja. Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa imara? Aliwahi kukutana na huyo anayesema kasikia kwake? Maneno yakiwa mazuri kiasi gani, mnyororo ukiwa na pengo, hadithi inaitwa dhaifu. Tanbihi ni isnadi ya mwanasheria. Tofauti ni kwamba sisi tumejizoeza kutazama mpokezi wa mwisho tu, yule mwenye jina kubwa na mchapishaji mkubwa, na kumwacha wa kwanza bila kumhoji.

Katika fani nyingine uzembe huo una gharama yake, lakini katika sheria ya kimataifa gharama ni kubwa zaidi, kwa sababu maalumu. Dunia haina bunge. Sheria nyingi zinazofunga mataifa hazikupigiwa kura mahali popote. Ni desturi, na desturi lazima mtu aseme ipo, aoneshe ushahidi wake, aiweke kwenye maneno. Ndiyo maana Kifungu cha 38 cha sheria iliyounda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague kinaiambia Mahakama itumie, kama njia ya ziada ya kuijua sheria, hukumu za mahakama na mafundisho ya wanasheria mahiri zaidi wa mataifa mbalimbali. Maneno hayo yaliandikwa mwaka 1920 na kamati ya wanasheria kumi kwa ajili ya mahakama iliyotangulia hii. Hakuna Mwafrika aliyekaa kwenye kamati hiyo. Kwa hiyo kitabu cha profesa si maoni yake tu. Kinaweza kusomwa kama ushahidi wa sheria ilivyo. Anayenukuliwa anapata kipande cha kalamu inayoandika sheria.

Turudi kwenye mnyororo wetu, tena kutoka mwanzo wake.

Mwaka 1883 Sir Travers Twiss, aliyekuwa profesa wa sheria Oxford, aliandika makala kuhusu Mto Kongo katika jarida la sheria ya kimataifa lililokuwa likitoka Ubelgiji. Jarida hilo lilikuwa na uhusiano wa karibu na Taasisi ya Sheria ya Kimataifa, ile iliyoanzishwa Ghent mwaka 1873. Wakati huo Mfalme Leopold wa Pili alikuwa na chama chake cha Kongo chenye rundo la karatasi zilizosainiwa na machifu, lakini chama si dola. Swali la kisheria lilikuwa hili: chama cha watu binafsi kinaweza kupokea mamlaka ya kutawala nchi kutoka kwa machifu? Twiss akajibu kinaweza. Égide Arntz, profesa wa Brussels, akajibu vivyo hivyo. Maoni yao yaliambatishwa kwenye ripoti ya kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1884, na tarehe 22 Aprili mwaka huo Marekani ikatangaza kuitambua bendera ya chama hicho. Profesa kaandika, seneta kamnukuu, serikali imetambua. Kati ya ukurasa wa jarida na bendera ulipita mwaka mmoja hivi. Yaliyowapata watu wa Kongo chini ya bendera hiyo yanajulikana, na wasomaji wa Lubumbashi na Kisangani hawahitaji kusimuliwa na mimi.

Hoja ya maprofesa hao ilitegemea kitu kimoja: kwamba chifu ana mamlaka kamili juu ya nchi yake, ndiyo maana anaweza kuyatoa. Novemba mwaka huohuo Carl Peters alipita Usagara akikusanya alama za machifu juu ya karatasi za Kijerumani, na mmoja wao alikuwa Mangungo wa Msovero. Februari 1885 Kaiser wa Ujerumani akatoa hati ya kulinda maeneo hayo. Kila mtoto aliyesoma historia Tanzania anamjua Mangungo. Jina lake hutajwa vijiweni na bungeni kila unapozuka ubishi juu ya mkataba wa madini au wa bandari. Mimi huumia kila ninapolisikia likitajwa kwa dhihaka. Tumemfanya yeye peke yake abebe aibu ya karatasi ile, na wale walioipa karatasi nguvu ya sheria, maprofesa waliokaa kwenye maktaba zao na kuandika kwamba alama ya wino ya chifu inahamisha nchi, hatuwajui hata kwa majina.

Sasa tazama mnyororo ulivyopinda. Ugawaji ulipokwisha, vitabu vikubwa vya kiada vya mwanzo wa karne ya 20, cha Oppenheim cha 1905 kikiwa miongoni mwa vilivyosomwa zaidi, viliichora sheria ya mataifa kama sheria ya familia ya dola zinazotambuana. Watawala wa Kiafrika wakabaki nje ya mlango. Mwaka 1928 Max Huber, Mswisi aliyewahi kuwa rais wa mahakama ya The Hague iliyotangulia ya sasa, aliamua mgogoro wa kisiwa cha Palmas kati ya Marekani na Uholanzi. Ni kisiwa kidogo karibu na Ufilipino, na Afrika haikuhusika kwa lolote. Humo akaandika kwamba makubaliano kati ya dola na watawala wa wenyeji si makubaliano ya walio sawa, bali ni namna ya kupanga utawala wa ndani wa koloni.

Mwaka 1884 chifu alikuwa na mamlaka ya kutosha kutoa nchi. Mwaka 1928 hakuwa na mamlaka ya kutosha kudai ahadi aliyopewa. Wasomi wa pande zote mbili walikuwa mahiri, walichapishwa mahali pa heshima na walinukuliwa kwa staha. Kila upande ulitoa jibu ambalo dola za wakati wake zililihitaji.

Halafu ikaja Bakassi. Nigeria na Cameroon walikuwa wakigombea rasi hiyo yenye samaki na mafuta. Hoja mojawapo ya Nigeria ilihusu mkataba ambao wafalme na machifu wa Old Calabar walisaini na Uingereza tarehe 10 Septemba 1884. Ule ulikuwa mkataba wa ulinzi, walisema. Uingereza ilikubali kulinda, haikupewa nchi, kwa hiyo mwaka 1913 haikuwa na haki ya kuipa Ujerumani, iliyokuwa ikiitawala Cameroon, kitu kisicho chake. Tarehe 10 Oktoba 2002 Mahakama ikaikataa hoja hiyo, na katika kueleza kwa nini mkataba wa Calabar haukuwa mkataba kati ya dola na dola, ikamnukuu Huber. Maneno yaliyoandikwa juu ya kisiwa cha Asia mwaka 1928 yakaamua walikuwa nani wafalme wa Calabar mwaka 1884.

Sisemi kwamba Cameroon haikustahili kushinda. Mahakama ilikuwa na sababu nyingine nzito, ikiwemo mwenendo wa Nigeria yenyewe ambayo kwa miaka mingi baada ya uhuru ilikubali kwamba Bakassi haikuwa yake. Ninachosema ni kwamba kiungo kile kilipitishwa bila kuhojiwa inavyostahili. Waliokihoji wapo, lakini wako kwenye maoni yao binafsi: Jaji Koroma wa Sierra Leone na Jaji Ajibola wa Nigeria walipiga kura kupinga, pamoja na Jaji Rezek wa Brazil. Jaji Al-Khasawneh wa Jordan yeye aliunga mkono matokeo lakini akaikosoa vikali njia iliyotumika kuyafikia. Ukitaka kujua maoni hayo yalifika wapi, fungua kitabu cha kiada alichokuwa nacho mwanafunzi wangu. Huber yumo. Wale wanne hawamo.

Wapo waliokaa chini kuhesabu nani ananukuliwa The Hague. Mwanasheria Mnorwei Sondre Torp Helmersen amepekua hukumu na maoni ya majaji kwa miaka yote ya Mahakama, na alichokiona ni hiki: Mahakama yenyewe, ikisema kwa sauti moja, ni nadra sana kumtaja mwandishi, lakini majaji mmoja mmoja, katika maoni yao binafsi, wanawataja wengi, na wanaotajwa zaidi ni maprofesa wanaume wa Magharibi ambao pia wamewahi kufanya kazi ya sheria ya kimataifa kwa vitendo. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu linaeleza jinsi mlango unavyofunguka.

Mchukue marehemu James Crawford wa Australia, msomi niliyemheshimu na ambaye vitabu vyake ninavyo mezani hadi leo. Alikuwa profesa Cambridge. Alikuwa mtaarifu maalumu wa Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, yaani mwandaaji wa rasimu zake, aliyekamilisha kanuni za wajibu wa dola mwaka 2001. Alisimama mbele ya Mahakama kama wakili wa nchi nyingi. Alikihuisha kitabu cha kiada kinachotumika duniani kote. Tangu 2015 hadi alipofariki 2021 alikuwa jaji wa Mahakama hiyohiyo. Kipaji chake hakina shaka. Lakini tazama njia: kitabu kinampatia mtu kesi, kesi inampatia nafasi kwenye Tume, Tume inazaa kanuni, kanuni zinanukuliwa na Mahakama, na Mahakama inakipa kitabu toleo jipya. Aliye ndani ya mzunguko huo ananukuliwa hata akiwa amelala. Aliye nje anaweza kuwa sahihi maisha yake yote na asisomwe na mtu.

Na sisi tuko wapi katika mzunguko huo? Mara nyingi tumo, ila kama watu wanaosimuliwa. Mwaka 1997 Mahakama iliamua mgogoro wa Hungary na Slovakia juu ya mabwawa ya Mto Danube. Jaji Christopher Weeramantry wa Sri Lanka, aliyekuwa makamu wa rais wa Mahakama, aliandika maoni yake binafsi akionesha kwamba wazo la maendeleo yanayotunza mazingira halikuzaliwa kwenye mikutano ya karne ya 20. Alianza na mabwawa ya kale ya kwao, kisha akaja Tanzania. Aliwataja Wasonjo, ambao kwao kila kizazi kina wajibu wa kuutunza mfumo wa maji na kuukabidhi ukiwa mzima kwa kizazi kinachofuata. Aliwataja Wachagga na mifereji yao, ambayo kila mtu anatarajiwa kushiriki kuitengeneza na maji yake hayatozwi.

Mwanafunzi wangu ni wa Moshi. Nilipompa kurasa zile alisoma aya hiyo mara mbili, akaniambia bibi yake alikuwa na zamu yake ya maji ya mfongo, yaani mfereji huo, na kwamba mtu akikosa kwenda kwenye kazi ya kuuzibua mfongo, zamu yake ya maji ilikuwa matatani hadi alipe kwa namna fulani, ngwe ya kazi au pombe ya mbege. Hilo la adhabu Weeramantry hakulisema. Kwa mwanasheria ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu utaratibu wenye adhabu unaonesha watu waliuona kuwa wajibu, si mazoea tu. Na hicho hasa ndicho tunachokitafuta tunapotaka kuthibitisha desturi. Bibi yake alikuwa na ushahidi bora kuliko uliofika The Hague. Haukuwa umechapwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wao wanaona tatizo ni ubaguzi wa majarida ya nje na dawa yake ni kupigania nafasi humo. Ubaguzi upo. Profesa James Gathii, Mkenya anayefundisha Chicago, alipitia karne nzima ya jarida kuu la Wamarekani la sheria ya kimataifa, lililoanza 1907, akaonesha jinsi suala la rangi lilivyopewa nafasi ndogo sana. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma makala kwa jarida moja la Ulaya kuhusu haki za mito inayovuka mipaka. Mhakiki akaandika kwamba hoja ni nzuri ila mwandishi anatakiwa "kujadiliana na maandiko muhimu". Maandiko muhimu aliyoyaorodhesha yote yalitoka nchi mbili. Niliyaongeza, nikaondoa waandishi watatu wa Afrika Mashariki ili kubaki ndani ya idadi ya maneno, makala ikachapwa. Sijaacha kujilaumu. Nilinunua nafasi yangu kwa kuwafuta wenzangu, na kila anayeninukuu leo anarithi ufutaji huo bila kujua.

Hata hivyo, ushahidi unapatikana kwanza kwa kuchapwa nyumbani, na hilo hakuna Mzungu anayetuzuia. Tukumbuke Mwalimu Nyerere. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, alimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi na nchi ambayo Uingereza iliiingia kwa ajili ya Tanganyika itaendelea kwa miaka miwili tu, na ndani ya muda huo itapitiwa upya. Ambayo haitafanyiwa upya, na ambayo haibebwi na desturi ya kimataifa, itakoma. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 juu ya maji ya Nile hayaifungi Tanganyika. Nchi nyingine zilizopata uhuru zikaifuata njia hiyo, na leo mwanafunzi wa sheria wa Sydney au São Paulo anajifunza juu ya "msimamo wa Nyerere" katika urithi wa mikataba.

Msimamo huo ulifika huko kwa njia ya uchapishaji. Barua ilitangazwa, hotuba ya bungeni ilichapwa, na mwaka 1973 Seaton na Maliti walitoa kitabu kizima, kilichochapwa Nairobi, kuhusu mwenendo wa Tanzania katika mikataba. Miaka hiyo Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, ambacho ndicho kilichofungua mlango wa chuo mwaka 1961, kilikuwa na jarida lake tangu 1968 na walimu waliotoka kila kona ya dunia kuja kubishana kule Mlimani. Mtu aliyetaka kujua nchi mpya zinasema nini juu ya sheria ya kimataifa alilazimika kusoma kilichochapwa Afrika Mashariki, kwa sababu hakikuwepo mahali pengine.

Linganisha na sasa. Marekani inachapa kila mwaka mkusanyiko wa misimamo yake ya sheria ya kimataifa: barua, hoja za mahakamani, maelezo ya mawakili wa wizara. Uingereza ina sehemu maalumu kwenye kitabu chake cha mwaka tangu miaka ya 1970. Jaji au mtafiti akitaka kujua dola inaona nini kuwa sheria, anafungua, anachukua, anaweka tanbihi. Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa nazo zina wizara za mambo ya nje zinazoandika noti za kidiplomasia kila wiki, zina wanasheria wakuu wanaotoa ushauri kuhusu mipaka, wakimbizi, bahari na mito. Kitabu cha kila mwaka cha namna hiyo kutoka kwetu sijapata kukishika mkononi. Halafu tunashangaa desturi ya kimataifa "inapothibitishwa" kwa mwenendo wa nchi kumi zilezile.

Na pale tulipo na hazina iliyochapwa, hatuinukuu. Tarehe 2 Septemba 1998, ndani ya jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la kimbari. Majaji walikuwa Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hukumu hiyo ni ya bure kwa yeyote, na nyaraka za mahakama ile zimehifadhiwa hapohapo Arusha. Hata hivyo mara ngapi nimesahihisha kazi za wanafunzi wanaoishi kilomita chache kutoka pale, wanaoeleza Akayesu kwa kumnukuu mchambuzi wa Ulaya aliyeeleza Akayesu! Nimewarudishia na kuwaandikia pembeni: panda daladala.

Siwalaumu wao peke yao. Mwalimu wa chuo anayetaka kupanda cheo anaulizwa makala yake imetoka kwenye jarida gani, na jarida linapimwa kwa kuwemo kwenye orodha za kampuni mbili tatu za nje zinazouza takwimu za kunukuliwa. Vipimo hivyo vilibuniwa kwa ajili ya sayansi, ambako makala ya miaka mitano iliyopita ni ya zamani. Sheria huishi kwenye vitabu, na hukumu ya 1928 bado inaua hoja 2002. Jarida la nyumbani lisilo kwenye orodha linakosa makala nzuri, likikosa makala nzuri halinukuliwi, lisiponukuliwa haliingii kwenye orodha. Ukitaka makala yako isomwe bure na watu wa kwenu kwenye jarida kubwa, unaweza kudaiwa maelfu ya dola, fedha ambazo mhadhiri wa kawaida wa Mwanza au Bujumbura hazioni kwa miezi kadhaa. Vyuo vyetu vinaweza kubadilisha swali hili kesho asubuhi bila kuomba ruhusa kwa mtu: badala ya kuuliza imetoka wapi, waulize imegundua nini, na wampe alama za kutosha mtu aliyekusanya na kuhariri nyaraka za nchi yake.

Tume ya Sheria ya Kimataifa nayo inaandaa maelekezo juu ya njia hizi za ziada za kuijua sheria, mtaarifu wake akiwa Charles Jalloh wa Sierra Leone. Rasimu inasema mafundisho yenye uzito ni hasa yale yanayoonesha mitazamo inayokubaliana ya wataalamu kutoka mifumo ya sheria na maeneo mbalimbali ya dunia, na kwamba katika kupima uwakilishi izingatiwe pia jinsia na lugha. Neno hilo la lugha nimelipigia mstari. Mahakama ya The Hague inafanya kazi kwa Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na Tanzania tangu 2021 imeifanya lugha ya sheria zake na mahakama zake. Ikiwa mlango huo utafunguka hata kwa upenyo, utamkuta nani amesimama nje akiwa na maandishi mkononi?

Mwanafunzi wangu aliiandika upya sura ya tatu. Hakumtupa Huber, na sikutaka amtupe. Ameeleza alikuwa nani, aliamua nini, na juu ya kisiwa gani. Amewarudisha Koroma, Ajibola, Rezek na Al-Khasawneh. Amemweka Twiss pale anapostahili, na mwaka wake, na mfalme aliyenufaika naye. Lakini mnyororo wake sasa hauanzi na yeyote kati yao. Kwenye rafu ya historia, si ya sheria, alikuta habari za Jaja, mfalme wa Opobo, katika pwani ileile ya Calabar. Mwaka 1884 balozi mdogo wa Uingereza, Hewett, alipompelekea mkataba wa ulinzi, Jaja hakusaini hadi apewe maana ya neno "ulinzi" kwa maandishi. Hewett akamjibu kwa barua kwamba Malkia hataki kuichukua nchi yake wala masoko yake, ila hataki taifa jingine liyachukue, na kwamba nchi itabaki chini ya utawala wake mwenyewe. Jaja akataka pia kifungu cha biashara huria kiondolewe, kikaondolewa, ndipo akasaini. Miaka mitatu baadaye Waingereza walimwita kwenye mazungumzo, wakamkamata na kumpeleka uhamishoni. Alifariki 1891 akiwa njiani kurudi kwao.

Tanbihi namba 1 ya sura ile sasa ni barua ya Hewett, na ndani ya tanbihi mwanafunzi ameeleza kwamba barua hiyo ni jibu, na aliyeuliza ni Jaja.